Kidole Kwenye Ukurasa wa 231

Philadelphia
6 Mei 1984

Mpendwa Shangazi Ovella,

Kuna sauti moja ambayo miaka kumi imeshindwa kuifuta. Si ya kuimba. Ni ya kitabu kufungwa. Nilikuwa nimesimama katikati ya mabenchi manne ya kanisa la Hebroni yanayotazamana, kila sauti upande wake, nina miaka kumi na saba, Mama ana miezi minne kaburini, na ndiyo kwanza nimetaja, kama kila anayeitwa kwa zamu, ukurasa wa wimbo ninaotaka kuongoza: mia mbili thelathini na moja. Mtoa sauti, yule anayetupa noti ya kuanzia, hajafungua hata mdomo, nikasikia nyuma yangu, upande wa besi, kitabu kinafungwa. Hakikufungwa kwa nguvu. Pu, kama mtu anayeweka kikombe mezani huku akiogopa kumwamsha mgonjwa. Nilijua ni cha Baba. Sikugeuka.

Kila mwaka unaniuliza kwa nini siji kuimba Jumapili ya pili ya Julai, na kila mwaka nakujibu mitihani. Safari hii nimechoka kukudanganya. Ni hicho kitabu. Watu wote pale walijua kwamba Baba angeuongoza ule wimbo kwa ajili ya Mama. Na sheria unaijua kuliko mimi: ukurasa ukishaongozwa, kwa siku ile umekwisha, haurudiwi hata akiomba nani. Mimi niliitwa kabla yake. Nikasahau, Shangazi. Nilikuwa mtoto, nilikuwa namfikiria Mama tu, na mdomo ukataja namba yenyewe. Jina la Baba lilipoitwa, baada ya watu watatu, aliongoza kile kiwimbo cha ukurasa wa 59 ambacho huwa tunawapa watoto wanaojifunza kupiga mkono kufuata mpigo, akarudi kukaa. Kwenye gari, tukirudi nyumbani, alisema neno moja tu: "Umeukimbiza." Tangu siku hiyo hajauongoza tena, na mimi sijasimama tena katikati.

Kwa hiyo niache nibaki huku na tasnifu yangu. Isitoshe, nafundisha darasa la kiangazi.

Jambo jingine. Barua zako tatu za mwisho zimekuja bila mstari wa Baba pale chini. Najua ni mstari wa mvua na jua tu, lakini nimeuzoea. Mwambie maharage yake hayatakufa akiyaacha dakika mbili.

Wako,
Neva


Tulley Cove, Alabama
14 Mei 1984

Mwanangu Neva,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Wewe na kusoma kwako! Mtu hawezi kufunga kitabu chake nyuma yako bila wewe kumfungulia kesi ya miaka kumi. Mbona wanaume wa besi wanafunga vitabu siku zote? Hoyt Pruitt mwaka juzi alikifunga chake, akakikalia kabisa, na hakuna aliyehama jimbo. Mtu akiujua wimbo kwa moyo anafunga kitabu ili apate kumtazama aliye katikati. Na akili zako zote hizo, hilo halijakupitia kichwani?

Kuhusu mstari wa baba yako, mkono wa kulia unamsumbua kidogo. Aliuumiza kwenye seng'enge. Si kitu cha kukuumiza kichwa. Mvua imenyesha vizuri wiki hii na jua limefuata. Haya, huo ndio mstari wake, nimekuandikia mimi.

Njoo Julai. Nitapika ile pudingi ya ndizi, na safari hii bakuli litakaa mbele yangu mimi, si mbele ya mashemeji wa Hoyt, maana mwaka jana nililikuta limelambwa mpaka maua yaliyochorwa ndani yamefifia. Goti langu la kushoto sasa linatabiri mvua kuliko redio. Nazeeka, mwanangu. Njoo. Unajua mimi si mtu wa kuomba.

Shangazi yako,
Ovella


Philadelphia
2 Juni 1984

Shangazi,

Swali lako nimetembea nalo wiki mbili. Nimejaribu kumwona Baba akikifunga kitabu ili anitazame, na siwezi, kwa sababu sikugeuka. Hilo ndilo linalonitesa. Nimejenga nyumba nzima juu ya kitu ambacho nilikisikia kwa mgongo.

Naomba unifanyie kazi moja. Bwana Tidmore ana madaftari yote ya ukatibu, na nakumbuka huandika kila aliyeongoza na kila ukurasa, pamoja na wanakamati waliopanga majina. Mwombe daftari la 1974. Nataka kujua nani aliyeniweka mimi mbele ya Baba. Kama alikuwa Bwana Tidmore au yeyote wa kina Pruitt, basi yalikuwa mambo ya orodha tu, na mzigo wote ni wangu.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya kumpa Baba. Nimeibandika. Usiifungue, nakujua.

Na huo mkono, wiki tatu sasa, bado haujapona? Mwambie ana miaka sitini na tatu, avae glavu kama binadamu wengine.

Neva


Tulley Cove
20 Juni 1984

Mwanangu,

Nimekwenda kwa Arlis Tidmore. Madaftari anayahifadhi ndani ya friji iliyokufa, kwa sababu ya panya. Alinifungulia mlango kwa heshima kama mtu wa benki. La 1974 lilikuwa chini kabisa, linanuka siagi.

Nakunakilia kama lilivyo. "Kamati ya kupanga majina: Ruel Chastain." Peke yake. Hoyt ndiye aliyepaswa kuwa naye, lakini siku ile alikuwa anaumwa jino. Hivyo aliyekutanguliza wewe ni baba yako mwenyewe, kwa kalamu yake, na jina lake akaliweka watu watatu nyuma yako.

Usiniulize alimaanisha nini. Nilimuuliza yeye. Hakunijibu.

Karatasi yako nimemsomea. Usinune, alinipa mwenyewe niisome. Aliisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono kuidai, na sasa iko kwenye mfuko wa shati. Nikifua shati naitoa, shati likikauka anaidai tena.

Njoo Julai, Neva, hata kwa siku moja. Darasa halina mtu mwingine wa kulishika siku moja?

Ovella


Philadelphia
17 Julai 1984

Shangazi Ovella,

Nimepiga simu mara tatu. Najua uko nyumbani, kwa sababu siku za Jumanne huendi popote.

Bwana Tidmore amenitumia nakala ya kumbukumbu za Jumapili, kama anavyowatumia wote waliotawanyika. Nilianza kuisoma nimesimama mlangoni, na funguo bado mkononi. Saa ya kumbukumbu, kabla ya chakula cha mchana: majina ya waliofariki mwaka huu, kisha majina ya wagonjwa na wasioweza kutoka nyumbani. Jina la kwanza kati ya wagonjwa: Ruel Chastain.

Nimejua hali ya baba yangu kama mtu anayesoma matokeo ya mpira. Seng'enge! Uliwezaje kukaa ukaandika neno seng'enge?

Halafu nikahesabu nyimbo. Themanini na nne, na 231 haimo. Siku nzima, watu wote wale, na hakuna aliyeutaja wimbo unaopendwa kuliko wote pale Hebroni. Kwa nini?

Darasa linakwisha tarehe 27. Nikimaliza kusahihisha, asubuhi ya tarehe 28 napanda basi. Usinipikie chochote.

Neva


Tulley Cove
23 Julai 1984

Neva,

Simu niliisikia. Sikuweza.

Ilikuwa tarehe 3 Aprili, siku ya Jumanne. Nilimkuta kati ya matuta ya maharage, ameketi chini kama mtu anayepumzika. Kiharusi. Upande wa kulia umekufa, na maneno yote yamekwenda, isipokuwa moja. Ukimwuliza kama ana njaa, anasema "Jumanne." Ukimwuliza panapouma, "Jumanne." Anajua kwamba silo neno analolitaka. Unaona usoni mwake analikimbilia lile jingine, halafu linatoka hilohilo.

Lakini anaimba. Daktari anasema hutokea. Asubuhi ya kwanza aliporudi nyumbani nilikuwa namvalisha shati, najiimbia fa na sol na la za 231 ili nisilie, na baba yako akaingia na besi, noti zote, kisha maneno yote mpaka mwisho, safi kama maji. Tulipomaliza nikamwambia, "Kumbe unasema, wewe mzee mwongo!" Akasema, "Jumanne," akacheka mpaka machozi. Basi, kila asubuhi tunaimba hiyo. Ndiyo mazungumzo yetu.

Siku ile ile nilichukua simu nikupigie. Alinishika mkono kwa ule wake mzima, akasema Jumanne, Jumanne, mpaka akalia. Nikaelewa hataki umsikie hivyo. Nikaweka simu chini. Toka hapo nimekaa na jambo hili, Neva: pengine nilielewa kinyume. Pengine alikuwa ananihimiza nipige.

Na kuhusu 231. Hoyt na mkwewe walimbeba na kiti chake mpaka benchi la besi. Alifungua kitabu pale, akatia kidole, na hakukitoa tangu wimbo wa kwanza mpaka sala ya mwisho. Kila aliyesimama kuongoza alikiona kile kidole, akataja ukurasa mwingine. Hata wakati wa chakula cha mchana sikuweza kumnyang'anya kile kitabu. Nilimlisha kuku kwa mkono wangu, kitabu kiko mapajani. Arlis aliliita jina lake akiwa wa mwisho. Akatikisa kichwa. Alikuwa anatazama mlango.

Usije kwa hasira. Lakini kama huwezi kuja bila hasira, njoo nayo.

Ovella


Philadelphia
4 Novemba 1984

Mpendwa Shangazi,

Miezi mitatu nimeanza barua hii na kuichana. Barua yako ya tarehe 23 niliikuta kwenye sanduku langu niliporudi kutoka kumzika Baba. Nimeisoma nikiwa tayari nimeshakuambia yale niliyokuambia.

Jikoni kwako nilisema umeninyima baba yangu. Uliendelea kuosha sahani ambazo mke wa Hoyt alikwisha kuziosha. Natamani ungenirushia moja.

Saa uliyompoteza, mimi nilikuwa stendi ya Knoxville nanunua kahawa. Nimepiga hesabu. Kama ningeacha ile mitihani bila kuisahihisha, ningeondoka Ijumaa na kumkuta. Kwa hiyo usibebe peke yako. Wewe ulinificha kwa miezi minne, mimi nilijificha kwa miaka kumi.

Na sasa nitakuambia jambo ambalo hakuna anayelijua. Nilikuandikia kwamba siku ile ya 1974 nilisahau. Sikusahau. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la alto, nikamwona Baba ng'ambo ametia kidole kwenye kitabu tangu asubuhi, na nilijua ni ukurasa gani. Nilimwona amekaa na huzuni yake tayari mkononi, kama tiketi. Hakuwa ameniuliza hata mara moja kama na mimi nimefiwa. Miezi minne tulikula meza moja, akiniambia habari za mvua. Nikajisemea: leo nitamtangulia. Nilipoitwa nikautaja nikijua. Ndiyo maana sikugeuka. Si kwamba niliogopa. Nilikuwa nimeshinda.

Ile karatasi uliyomsomea, unaikumbuka ilisema nini? "Baba, nisamehe, nilisahau." Nilipata nafasi moja ya kumwambia kweli, nikaibandika kwa gundi na kuweka uongo ndani. Ilikuwa mfukoni mwake tulipomlaza. Nilikuona ukiitia, ukaupigapiga mfuko.

Neva


Tulley Cove
9 Juni 1985

Mwanangu Neva,

Nimekaa na barua yako majira yote ya baridi. Haikuwa barua ya kujibiwa haraka, na mimi si mwepesi wa kalamu, unanijua.

Hivi unadhani kama wewe ulikiona kidole chake, yeye hakukuona ukikitazama? Kutoka alto mpaka besi ni hatua nne. Yeye ndiye aliyekuwa ameandika orodha, na alijua unaitwa kabla yake. Alikuwa na muda wa kubadilisha. Hakubadilisha. Lakini pia ninamjua kaka yangu: yawezekana alipanga majina bila kufikiri lolote, akakaa pale kama gogo, na ulipotaja namba ukamkata maini. Sijui, Neva. Wafu hawaulizwi. Nimeamua kwamba sitajifanya najua ili nikufurahishe, maana nimeshakudanganya vya kutosha.

Sasa ya mwaka huu. Julai tarehe 14 jina lake litasomwa pamoja na waliofariki, na kamati inataka 231 iongozwe kwenye saa ya kumbukumbu. Arlis aliniuliza mimi kwanza. Nilicheka mpaka akaudhika. Sijasimama katikati tangu mwaka alipofariki baba yetu, 1949. Nilipoteza mpigo mstari wa pili, mkono ukaganda hewani, na kanisa zima likaendelea bila mimi kama gari lisilo na dereva. Baba yako akatoka kwenye besi, kijana wa miaka ishirini na minane na viatu vya shamba, akasimama kando yangu, akapiga mkono pamoja na wangu mpaka mwisho. Wala hakunitania baadaye, naye alikuwa mtu wa kunitania hata kwa kofia niliyovaa. Kuanzia hapo mimi ni mtu wa benchi. Huko ndiko ninakoimba, na goti limekubali.

Kwa hiyo nimemwambia Arlis ni wewe, kabla hujakubali. Ukurasa ni wako. Ulikuwa wa mama yako na wa baba yako, na hakuna mwingine. Usiniambie mitihani.

Nyumba ni kimya asubuhi. Bado naianza 231 nikiwasha jiko, halafu inapofika pa besi kuingia nanyamaza na kungoja. Ujinga wa uzee.

Ovella


Philadelphia
25 Juni 1985

Mpendwa Shangazi,

Nakuja. Tiketi ninayo, nitafika Ijumaa tarehe 12, na pudingi nitakusaidia kuilinda.

Barua yako niliisoma nikiwa na furaha mpaka nilipofika pale unaposema kwamba unanyamaza pa besi kuingia na kungoja. Hapo nikasimama. Nilikuwa nimeshaanza kuupigia mkono ule wimbo humu chumbani, polepole, ili safari hii asiwepo wa kusema nimeukimbiza. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa nautamani. Nilitaka kusimama pale, watu wote wa Hebroni wanione nikiulipa ule uongo kwa sauti, halafu nikae nikiwa nimepona. Nimeutamani hivyo kwa mwaka mzima.

Lakini Shangazi, mimi niliuimba na Baba mara ngapi? Wewe uliuimba naye kila asubuhi ukimfunga vifungo. Mara ya mwisho baba yangu kusema neno lolote lililo sahihi, alikuambia wewe, kwa wimbo huo. Unaniandikia kwamba hakuna mwingine, na hata hukujiona.

Nimejaribu tena kujua alichotaka siku ile alipoliandika jina langu mbele ya lake. Nimeacha. Labda alinipa, labda nilimnyang'anya. Ninachokijua ni hiki tu: na mimi nimeshika kalamu, nimeandika jina la mtu mbele ya langu nikijua ataondoka na nini, na imeniuma, na sijalifuta. Kama na yeye ilimuuma hivi na hakufuta, basi nina baba niliyekuwa simjui.

Goti halitasimama muda mrefu, beti ni tatu tu. Nitakaa alto, mahali pa Mama, kitabu nimekifunga, nakutazama. Mkono ukiganda nitakuja kusimama kando yako, wala sitakutania, ingawa ukivaa kofia, hilo la pili siliahidi.

Na usihangaike kwenda kwa Bwana Tidmore kumbembeleza abadilishe. Nilimwandikia wiki iliyopita, na jibu lake limefika leo asubuhi. Saa ya kumbukumbu, 231: Ovella Chastain. Ameliandika kwa wino. Mimi nimemwomba aniweke baada ya chakula, watu watatu nyuma yako, na nimemwambia nitaongoza ukurasa wa 59.

Wako,
Neva